Neti ya Nyumbani Ikigoma Mtwara na Lindi: Tafuta Ilipokatikia Kabla Hujalipa Wala Kupiga Simu

Neti ikikata, wengi wetu huku Kusini tunazima ruta na kuiwasha, ikigoma tunaongeza bando, bando likigoma tunamwita kijana wa jirani anayejua kompyuta. Hela inapotea hapo katikati. Bando lilikuwepo, kumbe adapta imechoka. Au bando lilikwisha tangu jana na ujumbe wa kukujulisha uliingia kwenye laini iliyo tumboni mwa ruta, ambako hakuna anayeusoma.

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko hiyo. Mtu ambaye mtandao umemkatikia ni chakula cha matapeli: ana haraka, ana hasira, na akipigiwa na "fundi wa kampuni" anashukuru badala ya kushuku. Tena kuna kukatika kwa mtandao ambako si hitilafu hata kidogo, ni wizi unaoendelea muda huo huo. Kwa hiyo kujua umekatikia wapi kunakuokolea bando na kunakuokolea pia salio la benki, na ndiyo maana nimeyaweka haya mawili pamoja.

Ni kwako tu, au ni mtaa mzima?

Usiguse ruta kwanza. Chukua simu, zima waifai, jaribu kufungua ukurasa wowote kwa bando la simu. Kisha muulize jirani anayetumia kampuni ile ile unayotumia wewe. Jirani wa kampuni nyingine hatakusaidia, ingawa ndiye huwa wa kwanza kujibu kwamba kwake iko poa.

Kama jirani wa kampuni yako naye hana, tatizo liko kwenye mnara au kwenye njia ya kampuni. Ruta yako haina kosa, iache. Umeme ukikatika saa nyingi minara hubaki kwenye betri na jenereta, na betri zikiisha mtaa mzima unazimika. Hapo ni kusubiri tu.

Kama yeye anayo na ruta yako haina, endelea na hatua zinazofuata.

Lakini kama ni laini yako ya simu, ile yenye pesa, imeandika ghafla "Hakuna huduma" huku jirani wa mtandao huo huo amejaa vijiti, na kuzima na kuwasha simu hakujabadilisha kitu, acha kusoma hapa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya laini kuibwa huko chini. Dakika zina thamani.

Kwa walioko Msimbati, Kilambo, au Newala pale unaposimama ukingoni ukaliona bonde la Ruvuma: tazama jina la mtandao juu ya kioo. Simu inaweza kunasa mnara wa Msumbiji ikauacha wa kwetu. Ingia kwenye mipangilio ya laini, zima data ya nje ya nchi, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Umeme, yaani adapta

Gesi ya Mnazi Bay inatoka kwetu na bomba la kuipeleka Dar lilizinduliwa 2015, lakini umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo tunaujua vizuri. Ule wa kurudi ndio unaoua adapta. Adapta haifi siku moja. Inadhoofika, inatoa umeme pungufu, taa za ruta zinawaka kama kawaida, lakini ruta ikianza kufanya kazi nzito inajizima na kujiwasha yenyewe. Ukiona neti inakata kila watu wanapoanza kuangalia video na kurudi baada ya dakika mbili, shuku adapta kabla ya kuishuku kampuni.

Soma maandishi madogo kwenye adapta. Utakuta kitu kama 12V na 1A. Ukinunua nyingine, volti ziwe zile zile kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Angalia pia ule mchoro mdogo wa alama ya kujumlisha na kutoa, ufanane na wa zamani. Usichukue adapta ya king'amuzi kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Umeme ukikatika, chomoa. Subiri urudi na utulie dakika chache ndipo uchomeke. Mvua za Desemba hadi Aprili zikija na radi, chomoa pia kebo ya mtandao na waya wa antena ya nje kama unayo, kwa sababu radi haipiti kwenye soketi peke yake. Ukiwa na hela kidogo ya ziada, nunua yuupiesi ndogo ya ruta, ile ya volti 12 yenye betri ndani. Kwa nyumba ya mtu anayefanya kazi mtandaoni inalipa kuliko kupandisha kifurushi.

Wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini karibu na bahari mna adui wa nyongeza: chumvi. Kichwa cha kebo kilichokaa miaka bila kuguswa kinaota ukungu wa kijani kwenye vile vyuma vidogo vya shaba. Zima umeme, chomoa, safisha kwa mswaki mkavu uliopakwa spiriti kidogo, acha kikauke kabisa, rudisha.

Soma taa

Wenye faiba, tazama lile boksi ambalo waya mwembamba unaingilia. Kuna taa imeandikwa PON na nyingine LOS. PON ikiwa kijani na imetulia, mwanga wa faiba unafika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatwa, umekunjwa, au umechomoka. Hakikisha haujabanwa na mlango au mguu wa kabati, maana faiba haipendi kona kali. Usichungulie ncha yake kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini unaumiza. Baada ya hapo huna la kufanya wewe. Ripoti kwa kampuni kwamba "taa ya LOS ni nyekundu", kwa maneno hayo hayo. Kauli hiyo inafupisha mazungumzo kuliko kusema neti inasumbua.

Wenye ruta ya laini, tazama taa ya mnara. Kama inawaka na vijiti vipo lakini hakuna neti, jambo la kwanza ni bando. Andika namba ya ruta kwenye kivinjari cha simu iliyoungwa kwenye waifai yake: iko kwenye stika ya chini, mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Humo ndani kuna sehemu ya ujumbe. Fungua. Ndipo utakapokuta kampuni ilishakuambia juzi kwamba bando linakaribia kuisha.

Ukurasa huo una kazi nyingine kubwa zaidi. Ukifunguka, ina maana simu yako na ruta vinaelewana na tatizo liko nje ya nyumba. Usipofunguka, tatizo liko ndani: waifai, kebo, au ruta yenyewe. Jaribio hili la nusu dakika linagawa dunia mara mbili, na sijui kwa nini mafundi hawalifundishi kwa wateja. Au najua.

Kuhusu kuwasha upya: chomoa, hesabu hadi thelathini, chomeka. Kama una boksi la faiba na ruta tofauti, anza na boksi, subiri PON itulie, ndipo uwashe ruta. Ile swichi iliyojificha ndani ya kashimo, ya kubonyeza kwa sindano, usiiguse. Hiyo inafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ambavyo kampuni iliingiza ili ruta iunganike, na hapo utamhitaji fundi kweli.

Waifai imejaa, neti hakuna

Nyumba zetu za tofali za saruji na bati juu ni ngumu kwa mawimbi. Ruta ya laini iweke dirishani upande ulipo mnara, juu, mbali na friji na televisheni. Isogeze hatua moja moja na pima kila ilipo. Mita moja inaweza kubadilisha mambo. Kama ruta inatoa waifai mbili, ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa pili unaimaliza. Ya 2.4 GHz inafika hadi jikoni na uani, na simu nyingi za zamani huona hiyo peke yake.

WhatsApp inafanya kazi lakini kurasa hazifunguki? Shuku DNS, ambayo kazi yake ni kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye simu za Android tafuta "DNS ya faragha" uandike one.one.one.one au dns.google. Kwenye kompyuta weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Na kama kompyuta inakuonya kila ukurasa kwamba si salama, tazama saa na tarehe kabla ya kuogopa virusi. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inarudi miaka nyuma na kuziona tovuti zote za leo kuwa za uongo.

Ipo, ila ni ya konokono

Kampuni zinauza kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kinashusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua dakika kumi na tatu na kitu, na hapo hujaibiwa.

Pima kasi saa kumi na moja alfajiri, kisha saa mbili usiku. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, mnara umeelemewa na watu na kuhamisha ruta hakutabadilisha kitu. Mbaya saa zote, chunguza kwako. Nzuri mwanzo wa mwezi na mbaya mwisho, soma mkataba: vifurushi vingi "visivyo na kikomo" vina kikomo, ukikifika kasi inapunguzwa.

Pale kosa linapokuwa baharini

Mei 2024 ilitufunza hili. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua zikakata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, na siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za baharini zinazotuunganisha na mtandao wa dunia, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Dalili zake ni hizi: vijiti vimejaa, simu za kawaida zinapigika, menyu ya pesa inafunguka, lakini tovuti za nje zinazunguka tu, na kampuni zaidi ya moja zina shida kwa pamoja. Ukiona hivyo, usinunue bando na usibadilishe mpangilio wowote.

Siku kama hizo ndipo mtu anapokutumia "VPN ya bure" ya kurudisha neti. Waya uliokatika hauungwi na programu. Programu hiyo inapitisha kila unachofanya mkononi mwa mtu usiyemjua, na ukiipakua kama faili kutoka kwenye kundi la WhatsApp badala ya duka la programu, umeshafungua mlango. Tena Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN waitolee taarifa.

Funga ruta yako

Siku neti iko sawa, ingia kwenye ule ukurasa wa ruta ufanye haya kwa mkupuo mmoja. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, maana ya kiwandani imeandikwa kwenye stika na kila aliyewahi kuingia sebuleni anaweza kuipiga picha. Badilisha nywila ya waifai iwe sentensi ndefu unayoikumbuka, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuweka namba fupi. Zima usimamizi wa kutoka nje, yaani mtu kuingia kwenye mipangilio ya ruta akiwa mbali. Washa waifai ya wageni kwa ajili ya wageni na wapangaji. Kisha tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa: ukikuta zaidi ya vilivyomo ndani ya nyumba, ujue mtoto alishamwonyesha rafiki yake ile picha ya miraba ya kuskani.

"Shikamoo mama, mimi ni fundi wa mtandao"

Anapiga kwa namba ya kawaida. Ana adabu kuliko watoto wako. "Mama, tunaona laini yako ina shida ya neti, tunaiweka sawa sasa hivi. Kuna namba sita zinaingia hapo, nisomee." Zile namba sita ni za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu yake. Au anakuambia: "Baba, bonyeza nyota nyota ishirini na moja, nyota, weka namba hii, reli." Hapo umeelekeza simu zako zote ziende kwake.

TCRA kwenye kampeni yake ya Sitapeliki imelisema wazi: kampuni ya simu ikikupigia, itakupigia kwa namba 100. Mwingine yeyote, jibu lake ni "sawa mwanangu, napiga mwenyewe 100," halafu unakata. Wewe ndiye upige. Wala usitafute namba ya huduma kwa wateja kwenye Facebook, maana kurasa bandia zimejaa na zinajibu haraka kuliko za kweli.

Kama ulishabonyeza kitu, piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, kisha ##002# kufuta maelekezo yote. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili leo hii, na fungua "Vifaa vilivyounganishwa" ufute usichokijua. Kama wamekwishaichukua, ingiza upya namba yako kwenye WhatsApp, pokea namba sita kwa ujumbe wa kawaida, nao watatolewa. Wakiwa wameweka namba yao ya hatua mbili, utasubiri siku 7 uweze kuingia bila hiyo, lakini wao pia hawamo tena. Waarifu ndugu mapema, kabla hawajaombwa "nikopeshe elfu hamsini kesho narudisha".

Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" kila mtu anaucheka, na bado unafanya kazi, kwa sababu unamkuta mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela. Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi kwetu. Oktoba minada ikianza, kila nyumba Tandahimba, Masasi au Ruangwa inasubiri malipo, na ujumbe wa "malipo yako ya AMCOS yamekwama, tuma namba ya siri tuyafungue" unaingia palepale mtu anapowaza. Karani wa AMCOS, yaani chama chako cha ushirika, unamjua na ofisi yake unaijua. Nenda, au mtume mtoto.

Ujumbe wa "umepokea Sh 150,000" ukifuatiwa na simu ya mtu analia kwamba amekosea, usisome ujumbe, soma salio kwenye menyu. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la huduma, hauji kutoka kwenye namba ya mtu. Na hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako: mwambie apige 100 aombe irejeshwe.

Mikopo ya simuni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Programu inayotaka kusoma majina yote ya simu yako kabla ya kukupa elfu thelathini haitafuti dhamana. Inatafuta watu wa kuwatumia aibu yako.

Laini ikiibwa

Mwizi anafanya laini yako isajiliwe upya kwenye kadi nyingine. Kadi yake ikiwaka, yako inazima. Ndiyo maana ile "Hakuna huduma" ya ghafla si ya kulalia.

Azima simu yenye laini ya kampuni ile ile, kwa sababu 100 inakupeleka kwa kampuni ya laini unayopigia. Sema laini yako imezimwa bila wewe kuomba, wafunge laini na akaunti ya pesa. Baada ya hapo piga benki, ile namba iliyo nyuma ya kadi ya ATM, wafunge huduma ya simu. Kisha barua pepe: badilisha nywila kwa kifaa kingine, maana anayeishika barua pepe yako anaweza kufungua yaliyobaki. Halafu nenda duka la kampuni na kitambulisho cha NIDA ukarudishiwe laini.

Kama hela imeshatoka, taja muda, kiasi na namba iliyopokea, uombe muamala uzuiliwe. Kabla mpokeaji hajaitoa kwa wakala kuna nafasi, akishaitoa imekuwa kesi. Piga picha ujumbe wote, usifute hata wa matusi. Nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa uliyoiandikisha kwao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika hapa, na kampuni na benki zote zitakuomba hiyo RB. Namba ya tapeli iripoti TCRA kwa kutuma neno Utapeli kwenda 15040 na kufuata maelekezo yatakayorudi.

Mwisho piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, rudi dukani na NIDA yako uifutishe. Fanya hivyo hata kama hujaibiwa, na wafanyie wazazi pia, hasa waliosajiliwa mtaani na kijana mwenye mwamvuli aliyewaambia waweke dole mara ya pili kwa sababu "la kwanza halijasoma".